Watu wa Mvuke

Maji ya Kakamega hayasubiri digrii 100. Mji huu wa magharibi mwa Kenya uko takriban mita 1,535 juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho sufuria hutokota ikiwa karibu na digrii 95. Kwa anayepika maharagwe, hilo ni suala la muda na makaa. Kwa anayeandaa mkasi utakaotumika kumpasua mama saa mbili baadaye, ni suala la uhai, na kuchemsha vifaa kwa maji matupu, desturi iliyodumu miaka mingi katika zahanati za vijijini, hakuhesabiwi tena kuwa utakasaji.

Kinachohesabiwa ni mvuke ulioshindiliwa. Ndani ya otoklevu mvuke hubanwa mpaka ufike digrii 121 au 134, na joto hilo likidumu muda unaotakiwa huua hata spora, zile bakteria zilizojifungia ganda na ambazo maji yanayochemka huziacha hai. Lakini kimo cha Kakamega kina mtego mwingine. Otoklevu ndogo ya kuwekwa juu ya jiko la gesi huwa na mshale wa shinikizo, na mwongozo wake kwa kawaida umeandikwa kwa ajili ya mahali palipo sawa na bahari: fikisha pauni 15 kwa inchi ya mraba, anza kuhesabu dakika. Mshale huo hupima tofauti kati ya shinikizo la ndani na la nje. Hewa ya Kakamega ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo mshale ukisimama kwenye 15, mvuke ulio ndani haujafika 121. Uko kwenye 118 hivi.

Digrii tatu zinaonekana chache. Kwa spora sugu, maana yake ni kwamba kasi ya kuuawa imepungua karibu nusu, na dakika zilizohesabiwa kwa uaminifu hazitoshi. Kanuni ya kurekebisha ni rahisi: ongeza nusu pauni kwa kila mita 300 za kimo. Mombasa ni 15. Kakamega ni kama 17 na nusu. Mashine kubwa za kisasa hupima joto lenyewe na kujirekebisha, lakini zile ndogo humtegemea aliyesimama mbele yake. Mtu huyo aliambiwa na nani habari za pauni mbili na nusu? Ana karatasi gani inayothibitisha kwamba aliambiwa?

Kaunti ya Kakamega ilihesabiwa kuwa na watu 1,867,579 katika sensa ya 2019, ya nne kwa wingi wa watu nchini. Wagonjwa walioshindikana Malava, Butere, Khwisero, Shinyalu au Likuyani hufikishwa kwenye hospitali ya rufaa ya kaunti iliyo mjini, na wengine huvuka mipaka kutoka kaunti jirani. Kila anayepasuliwa huwa na daktari mwenye leseni, muuguzi mwenye leseni na mtaalamu wa nusukaputi. Nyuma yao, katika chumba ambacho ndugu wa mgonjwa hawakioni, yuko mtu wa nne. Hospitalini chumba hicho huitwa CSSD, yaani idara kuu ya kutakasa vifaa, na kina madirisha mawili: moja la kupokea vichafu, jingine la kutoa visafi. Katikati ya madirisha hayo ndipo hatima ya kidonda huamuliwa.

Tazama kinachotokea pale seti ya upasuaji wa kujifungua inaporudi kutoka thieta. Ni trei ya vyuma vilivyojaa damu: makoleo ya kubana mishipa, mikasi, vishikio vya sindano, ndoano pana za kushikilia kuta za tumbo. Mfanyakazi amevaa gamubuti, aproni ya plastiki, glavu nzito na miwani. Huanza na maji baridi, kwa kuwa maji moto huigandisha damu kwenye chuma. Kila koleo hufunguliwa kwenye bawaba, na brashi hupitishwa ikiwa chini ya maji ili matone yasiruke. Meno ya koleo ni madogo, na damu hupenda kujificha palepale yanapokutana. Baada ya suuza, chuma huinuliwa kwenye mwanga na kukaguliwa kipande kwa kipande: kutu, ufa, bawaba nzito, alama ya hudhurungi kwenye pembe. Chenye doa hurudi karoni.

Kazi hii haina haraka, na haraka ndiyo adui yake mkubwa. Muuguzi wa thieta akigonga dirisha saa nane usiku na kuuliza, “Sista, seti ya CS iko tayari?” huku mama amelazwa kitandani na mapigo ya moyo wa mtoto yakishuka, yule aliye karoni huwa amebanwa na pande mbili. Akipunguza dakika kumi za brashi, hakuna atakayejua usiku huo. Kidonda huanza kutoa usaha siku ya tano au ya saba, mama akiwa amesharudi Navakholo, na hakuna atakayeunganisha usaha huo na koleo fulani la usiku fulani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo ya kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji mwaka 2016, lilisema kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaojifungua kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda. Sababu ni nyingi na si haki kumbebesha mtakasa vifaa zote. Yeye hata hivyo ana sehemu yake, na ni sehemu isiyoacha alama ya kidole.

Msimu wa tohara huongeza shinikizo hilo. Likizo ya Agosti au ya Desemba ikifika, wavulana hupanga foleni hospitalini, na seti ndogo za tohara huzunguka siku nzima kati ya chumba cha upasuaji, karo na otoklevu. Huku magharibi mwa Kenya, kampeni dhidi ya ukimwi zilishawafundisha hata watahiri wa jadi kwamba kisu kimoja ni cha kijana mmoja. Hospitali haiwezi kutupa vyuma vyake baada ya kila mvulana. Lazima ivirudishe katika hali ambayo ni kana kwamba havijawahi kumgusa mtu.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba mvuke utarekebisha yaliyoachwa na brashi. Haurekebishi. Damu iliyokauka huwa ngao. Mvuke huipika juu na kuziacha bakteria zilizojikunyata chini yake. Jijini Denver, Marekani, hospitali ya Porter Adventist ililazimika mwaka 2018 kuwaandikia barua watu waliopasuliwa mifupa na uti wa mgongo hapo kati ya Julai 2016 na Februari 2018, ikiwaarifu kwamba huenda walikuwa hatarini kuambukizwa homa ya ini au virusi vya ukimwi. Mashine hazikuwa tatizo. Iliyopungua ilikuwa hatua ya kusafisha kabla ya mashine, katika nchi tajiri, ndani ya hospitali yenye kila kifaa.

Halafu kuna Jik, dawa ya klorini ya kupausha nguo. Muuguzi yeyote wa Kenya aliyefunzwa miaka ya nyuma ataikariri hesabu hata ukimwamsha usingizini: Jik ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sehemu sita za maji, unapata asilimia 0.5, tumbukiza vifaa dakika kumi, kisha osha. Ndoo hizo zimesimama kwenye vyumba vya kujifungulia Afrika Mashariki yote. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa kutakasa vifaa tiba, lilisema desturi hiyo iachwe. Klorini hula chuma na kuacha vishimo ambamo uchafu utajificha safari ijayo. Damu yenyewe huidhoofisha klorini isifanye kazi. Na ndoo ya dawa yenye vyuma vikali ni hatari kwa anayeibeba. Vifaa vifutwe, vidumishwe na unyevu, vipelekwe vikaoshwe kwa sabuni inayofaa. Aliyesoma kabla ya mwaka huo hakukosea. Aliyemfundisha alimfundisha kilichojulikana wakati ule. Ila akibaki na elimu hiyohiyo hadi astaafu, vyuma vya hospitali vitaendelea kuoza mikononi mwake, naye akiamini anafanya vizuri. Hapo ndipo cheti kisicho na tarehe ya mwisho kinapokosa maana.

Baada ya karo huja kufunga na kupakia, na hapa pia akili hutangulia mikono. Mabakuli hulazwa ubavu ili maji yatoke. Makoleo huachwa wazi kwenye bawaba. Vifurushi havibanwi, maana mvuke usipopata njia hautafika katikati, na hewa iliyonaswa ndani ya chumba cha mashine hukaa kama kizuizi kati ya mvuke na chuma. Kifurushi kikitoka kimelowa huhesabiwa kuwa kichafu, hata kama mashine imemaliza mzunguko wake bila kulalamika, kwa sababu unyevu hupitisha vijidudu kutoka mkononi hadi ndani ya kitambaa.

Uthibitisho nao una ngazi. Tepu yenye mistari inayogeuka nyeusi, ambayo wengi huichukulia kuwa ushahidi kamili, husema jambo moja tu: kifurushi hiki kilipata joto. Kwa mashine zinazofyonza hewa kabla ya kuingiza mvuke, kila asubuhi hufanywa jaribio lililobuniwa Edinburgh na Bowie na Dick mwaka 1963: karatasi maalumu huwekwa katikati ya pakiti ya vitambaa, mashine ikiwa haina kitu kingine, na rangi isipobadilika sawasawa, mashine haitumiki siku hiyo. Juu ya hayo kuna kichupa chenye spora za Geobacillus stearothermophilus, bakteria wanaopenda joto. Kichupa hupitishwa kwenye mashine pamoja na mzigo, kisha hulishwa na kusubiriwa. Wakiota, mzigo ulifeli. Mtu asiyejua tofauti ya vipimo hivi vitatu ataitazama tepu nyeusi na kutia sahihi daftarini.

Mashine zenyewe Kenya imezigharamia sana. Mwaka 2015 serikali kuu ilitia saini mikataba ya kukodi vifaa tiba kwa ajili ya hospitali mbili katika kila kaunti, mpango wa takriban shilingi bilioni 38. Ndani yake, pamoja na mashine za figo na za picha, vilikuwamo vifaa vya thieta na vya idara za utakasaji. Ada ya kila kaunti ilianza kwenye shilingi milioni 95 kwa mwaka na baadaye ikapanda hadi milioni 200. Seneti iliunda kamati maalumu iliyoongozwa na Seneta Fatuma Dullo wa Isiolo, na ripoti yake ya 2020 ilikuwa chungu: mahali pengine mashine zilikaa bure kwa kukosa maji, stima au wataalamu wa kuziendesha. Mjadala wa umma uling'ang'ania mabilioni, na ilikuwa sawa kabisa kuyafuata. Suala la wataalamu lilipita upesi kuliko lilivyostahili.

Sheria inaonyesha mwelekeo huohuo wa kuitazama mashine kuliko mtu. Otoklevu ni chombo cha mvuke wenye shinikizo, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vyombo vya namna hiyo vikaguliwe na mkaguzi aliyeidhinishwa na vipewe cheti. Kwa hiyo pipa la chuma lina karatasi zake, na ni vyema liwe nazo, kwa maana likilipuka litaua. Madaktari wana baraza lao. Wauguzi wanalo, maafisa wa kliniki wanalo, wataalamu wa maabara wana bodi, wafamasia vilevile. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya wasimamizi wa kumbukumbu za afya, nao wakapata bodi. Anayetakasa vifaa hana baraza. Mara nyingi chumba husimamiwa na muuguzi mwenye leseni, lakini mikono iliyo karoni ni ya wasaidizi walioifahamu kazi kwa kumtazama aliyewatangulia, ambaye naye alimtazama mwingine.

Wapo wanaosema muuguzi anatosha. Hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Muuguzi amesomea kuzuia maambukizi, na wapo wauguzi wa CSSD nchini ambao ujuzi wao ungemfundisha mtu yeyote duniani. Lakini kumtoa muuguzi wodini, ambako hawatoshi, akasimamie mashine ya mvuke ni gharama kubwa, na leseni yake haikutolewa kwa kupimwa namna anavyosoma karatasi ya Bowie na Dick.

Marekani, ambako utakasaji umegeuka taaluma yenye mitihani yake, sheria zilikuja polepole na kwa majimbo. New Jersey ilitangulia. New York ilifuata kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2015: anayeajiriwa kutakasa vifaa vya upasuaji awe na cheti cha taasisi inayotambuliwa kitaifa, au akipate ndani ya miezi 18 tangu aajiriwe, na kila mwaka asome saa 10 za kuendeleza ujuzi. Waliokuwa wamefanya kazi hiyo angalau mwaka mmoja ndani ya miaka minne iliyotangulia waliachwa waendelee. Majimbo mengi bado hayana sheria ya namna hiyo, na hospitali zake hujiamulia.

Cheti kinachojulikana zaidi huko, cha chama cha HSPA, hudai mtihani na saa 400 za kazi kwa vitendo. Mgawanyo wa saa hizo ndio unaovutia. Saa 120 ni za kusafisha. Nyingine 120 ni za kukagua, kupanga na kufunga. Yaani 240 kati ya 400 hutumika kabla mlango wa mashine haujafungwa. Waliozipanga saa hizo walijua kwamba mvuke ni sehemu ndogo ya kazi ya watu wa mvuke.

Afrika Mashariki ina uzoefu wake pia. Christina Fast, mtaalamu wa utakasaji kutoka Kanada, alikutana na pengo hili alipojitolea Sierra Leone na meli ya hospitali ya Mercy Ships, kisha akaanzisha shirika la mafunzo liitwalo SPECT. Limefundisha watakasa vifaa katika nchi kadhaa za Afrika, wakiwamo wa hospitali za Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, ambako Kakamega hupata mvua zake. Mbinu yake ni ya kuigwa: baada ya darasa fupi, mwalimu huwafuata wanafunzi hadi kwenye karo lao, na kazi hupimwa papo hapo kwa maji, brashi na mashine wanazozitumia kila siku. Kwa kazi hii, mtihani wa kuchagua jibu sahihi peke yake ungemnyima cheti fundi hodari asiyependa karatasi, na kumpa asiyewahi kufungua bawaba ya koleo.

Kakamega haikosi mahali pa kuanzia. Chuo cha mafunzo ya tiba cha KMTC kina tawi mjini. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilicho mjini humohumo, hufundisha uuguzi. Na nchi imeshafungua mlango mwingine: sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, iliyozinduliwa mwaka 2024 chini ya mfumo wa kitaifa wa sifa za kielimu. Sera hiyo huzungumzwa zaidi kwa ajili ya mafundi wa jua kali, yaani seremala, makanika na washonaji ambao mikono yao imesoma bila shule. Haijaeleweka vya kutosha kwamba ndani ya hospitali za umma nako kuna watu wa jua kali. Mama aliyeosha vyuma vya thieta miaka 15 anastahili kupimwa kwa anachokijua, afunzwe anachokikosa, pauni mbili na nusu zikiwamo, na apewe cheti chenye jina lake na tarehe ya kukihuisha.

Hofu kubwa ya wafanyakazi huwa ni kwamba cheti kitageuzwa fagio la kuwafukuza. Hofu hiyo ina msingi. Katika ofisi nyingi za umma, sharti jipya la masomo limewahi kutumika hivyo. Dawa yake ni mpangilio: kupimwa kwanza, mafunzo yalipiwe na mwajiri, saa za kujifunza zihesabiwe kuwa saa za kazi, na mshahara upande cheti kikipatikana. Anayeongezewa wajibu bila kuongezewa chochote ataenda kutafuta kazi ya kuuza dukani, na ujuzi wa miaka 15 utaondoka naye.

Na hakuna haja ya kusubiri Bunge. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti hospitali na zahanati zake, na tangu ugatuzi uanze 2013, bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ndiyo inayotangaza nafasi hizi na kuweka sifa zake. Kaunti inaweza kuandika katika tangazo la kazi kwamba anayeshika vifaa vya upasuaji awe amepimwa kwa vitendo ndani ya miezi 18, muda ule uliotolewa New York, na kwamba atapimwa tena baada ya kipindi kilichowekwa. Sharti hilo liwahusu pia vibarua wanaoitwa kushika zamu za usiku na za sikukuu, kwa sababu upasuaji wa dharura hauangalii aina ya mkataba wa aliye karoni.